Kihenge Kisichovuja

Kwetu Kaengesa naitwa Flavian, jina la ubatizo nililopewa na bibi yangu Dominika, mama yake Baba. Kwa wajomba zangu Kasanga, kule ziwani, naitwa Seifu. Mama ni Mwislamu, binti wa mafundi wa mitumbwi. Baba ni Mfipa Mkatoliki wa mahindi na ulezi. Mimi nimekulia katikati. Kwaresima nafunga nusu, Ramadhani nusu, ila Krismasi na Idi nakula zote mpaka mwisho. Hata diploma yangu ya ujenzi nimeisoma kwa mtindo huohuo: nusu.

Chuo kilikuwa Mbeya. Mwaka wa pili nikafeli masomo mawili, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko nayo yakaingia mwaka wa pili. Kijijini waliendelea kuniita Injinia. Sikuwakataza.

Mwezi wa saba, wakati wa kuvuna, kihenge cha Bibi kikaegemea upande kama mtu anayetoka kilabuni. Nikajitolea kujenga kipya. Baba, mzee Leonsi, akaniwekea sharti.

"Sikia. Hayo ni mahindi ya bibi yako ya mwaka mzima. Yakifika Machi salama, unarudi chuo, nitakusaidia. Yakiharibika, unashika jembe, na habari za uinjinia zinaishia hapo."

"Baba, hiyo mbona kazi ndogo."

"Ndiyo maana naogopa," akasema.

Kihenge cha zamani kilikuwa cha fito zilizosukwa, kimeinuliwa juu ya nguzo, na ukichungulia ndani unawaona kuku walioko upande wa pili. Matundu kila mahali. Nikasema huu ni uzembe. Mimi na matundu hatuelewani. Tangu nina miaka saba, kila likizo, Mjomba Masudi alinikalisha ubavuni mwa mtumbwi wa mbao akanifundisha kukalafati: unaloweka pamba kwenye mawese, unaishindilia kwenye mwanya kwa patasi na nyundo mpaka ubao na ubao vinakuwa kitu kimoja. "Mwanya mmoja, Seifu," alikuwa akisema, "ni watu wanane hawarudi." Mtoto aliyelelewa na maneno hayo akikiona kihenge cha Kifipa anaona msiba.

Nikapiga kuta za mbao, sakafu ya mbao, paa la mbao. Nikakalafati kila kiungo, wiki mbili nzima, mpaka nikanuka mawese kanisani. Siku ya kumaliza nikamwagia kuta maji mbele ya watu. Halikuingia hata tone.

"Mwanangu," akasema mshikaji wangu Obed, "humu hata panya lazima aombe kibali."

Bibi alikizunguka mara mbili. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "sasa mahindi yatapumulia wapi?"

"Bibi, mahindi hayapumui."

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyetunza mahindi miaka hamsini. Na nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tukajaza. Mengine yalikuwa bado na unyevu, lakini nani angesubiri wakati kijiji kizima kinakuja kushangaa? Wiki ya tatu ikaanza kutoka harufu fulani ya uchachu. Nikawaambia watu ni mbao mpya.

Mwezi wa nane Mjomba Masudi akaja, kama kila mwaka, na samaki wa Bibi, migebuka mikavu ya ziwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mla samaki. Umekuja kusilimisha kuku wangu?"

"Walishasilimu zamani, mama. Hujaona hawakai karibu na nguruwe wako?"

Walipomaliza kuchekana, Mjomba akakiona kihenge. Akapitisha kidole kwenye kiungo, taratibu.

"Nani kakalafati?"

"Mimi, Mjomba."

"Kazi safi. Mtumbwi wako unaushusha ziwani lini?"

Nilicheka peke yangu. Akafungua mlango, joto likatupiga usoni kama pumzi ya mlevi. Mahindi ya chini yalikuwa yameota manyoya ya kijani.

"Seifu, ile pamba ni ya kuzuia maji yasiingie," akasema. "Wewe umeyafungia ndani."

Baba alikuwa Sumbawanga mjini, anarudi jioni. Obed akaninong'oneza, "Tupange mazuri juu. Mzee hatajua." Nakiri wazo hilo nililipa heshima zote. Kisha nikamwona Bibi ameshika hindi moja, analigeuzageuza. Safari hii hakuniita mume.

"Hiki ndicho chakula changu," akasema tu.

Nikaenda barabarani kumsubiri Baba. Nilimweleza kabla hajashuka vizuri kwenye bodaboda. Hakupandisha sauti.

"Jembe liko nyuma ya jiko."

Kesho yake Mjomba akasimamisha chanja uani, kama zile wanazoanikia dagaa Kasanga, akatandika nyavu kuukuu juu yake. Bibi akachambua hindi kwa hindi, mazima yakaanikwa kwenye upepo wetu wa mwezi wa nane unaokausha hata mate mdomoni. Yaliyooza hakutaka hata kuku wayaguse. Nilichimba shimo mwenyewe. Katika magunia kumi na manne yakapona kumi.

"Leonsi," Bibi akamwambia Baba, "wewe ulisema Machi. Machi imefika?"

Baba akakubali. "Machi basi. Ila jembe linaanza leo."

Tukajenga upya. Bibi alisimamia kuta, Mjomba akasimamia paa, wakabishana siku tatu. Mimi nilishika ngazi. Jioni moja nikachukua rula, nikapima matundu ya kihenge cha zamani. Kila mwanya ulikuwa na upana uleule, wa kidole gumba cha Bibi, juu mpaka chini. Nilichokiita uzembe kilikuwa vipimo. Ukutani tukaiacha mianya ya Bibi. Paa likakalafatiwa Kikasanga.

Kisha nikalima. Mwezi wa pili nilikuwa nainua ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani, na mvua inanipiga mgongoni, nikiwaza mahindi tu.

Machi Baba akafungua kihenge. Akachomoa hindi la chini kabisa, akang'ata punje. Ikalia ka! Akachomoa jingine kutoka kona nyingine. Ka!

"Andika barua yako ya kurudi chuo," akasema, akatoka.

"Na ukifika huko," Bibi akadakia, "waulize, mume wangu: mahindi yanapumua au hayapumui?"

Barua nimeiandika. Kwenye uzoefu wa kazi nimeweka mstari mmoja: nilishika ngazi.