Mnara Mrefu ni wa Nje

Jana Ami, mdogo wake baba, katuma picha kwenye kundi la familia. Yuko India ya kusini, kaenda kutibiwa goti, na kasimama chini ya mnara wa hekalu la kale la Kihindu, anachekelea. Kaandika: "Mashallah, tizameni ufundi wa watu wa zamani!" Wewe unanijua. Niliitupa simu kitandani.

Nilipokuwa na miaka kumi, pale kwetu Ibra, Omani, chumba chetu cha uani alikipanga mwalimu wangu wa hesabu, mtu wa huko huko kusini. Nyama hakula, kwa hivyo bibi akimpikia kunde za nazi kama za Unguja, na mpeleka sahani nikiwa mimi. Sahani ya watu hairudi tupu, nayo ikirudi na ndimu mbili, au tende, au pilipili za mti wake mwenyewe. Kisha akichukua uzi na vijiti viwili, akanichorea mchangani hekalu la mji wao. Mraba ndani ya mraba, ukuta ndani ya ukuta. Milango ya nje, akisema, ina minara mirefu ajabu, imechongwa ghorofa juu ya ghorofa. Lakini kila ukiingia ndani minara inapungua, nguzo zinakaribiana, mpaka ufike kwenye chumba kidogo cha mawe chenye giza, na hapo ndipo penyewe. Chokaa hakuna, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake tu. Nikinakili yote daftarini. Sijapata tena kuipenda hesabu namna ile.

Siku moja Ami akaliona daftari. "Nani kakufundisha masanamu haya?" Nikamtaja mwalimu, haraka haraka, nikidhani atasifiwa! Bibi akamjia juu: "Masanamu gani? Mtoto kapima mraba, hebu!" Hakusikilizwa. Daftari likatiwa kwenye tanuri la mkate, na Ami akaenda skuli kushtaki. Muhula haujesha, mwalimu karudishwa kwao. Asubuhi aliyoondoka tuliikuta sahani ya bibi mlangoni, imeoshwa, na ndani yake umo uzi na vijiti viwili.

Bibi hayupo tena. Uzi ulipotea tulipohamia nyumba mpya, na chumba cha uani kilivunjwa. Siku hizi Ami anaweka gari lake pale. Nina hasira, sikufichi. Hasira na yeye, na hasira na ulimi wangu uliomtaja mtu kwa furaha.

Mwisho nikaiokota simu, nikamwandikia mbele ya familia nzima: "Ami, mnara huo mrefu ni wa nje. Ingia ndani, utaona minara inavyozidi kuwa mifupi."

Akajibu papo hapo: "Wallahi kweli! Umejuaje wewe, mwanangu?"