Mashine ya muziki na binti asiyeweza kusema hapana

Mwanza, Jumamosi. Ni mwaka wa thelathini na nne tangu nihame Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa.

Leo nimemkasirikia binti wa watu kwa sababu ya adabu yake.

Niliingia dukani kununua mashine ya bei mbaya inayopiga muziki kutoka mtandaoni. Nilitaka kuisikia kwaya yetu ya Nansio, aliyoimbia marehemu mke wangu. Mwanangu amezihifadhi nyimbo zake huko mtandaoni.

"Shikamoo babu," binti muuzaji akaniamkia.

"Marahaba. Hii itadumu?"

"Itadumu sana. Shika uone uzito."

"Kiwanda kikiacha kuihudumia?"

"Itapiga tu, babu."

"Na mtandao ukikatika?"

"Itapiga."

Hapo nikashtuka. Kwetu mzee haambiwi hapana, nami nilikuwa nauliza kama mzee.

Tukafungua wimbo mmoja. Mke wangu akaanza kuimba mle dukani. Nikamwomba binti azime mtandao.

Akasita, kisha akazima.

Sauti ikakatika katikati ya ubeti.

"Mbona ulisema itapiga?"

"Sasa babu, ningekukatalia vipi?"

Nimetoka bila kununua, na tangu hapo sijatulia. Chuma cha mashine ile kitadumu miaka mingi kuliko mimi, lakini sauti ya mke wangu itakuwa mikononi mwa watu nisiowajua.

Ninyi mnaosoma, mngenunua?

Najua wapo watakaoniambia nivuke ziwa nikaisikilize kwaya yenyewe. Wanaoimba sasa hawanijui, na niliowajua wamezikwa.

Nansio sitarudi.