Sufuria Iliyomaliziwa na Jirani

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilichemsha majani nisiyoyajua kwenye sufuria yangu ya mchicha, uani, saa ambayo nyumba nzima inapika, nikaingia chumbani kutafuta wembe wa kupasulia maua, nikakaa. Kosa kubwa ni hilo la kukaa. Mimi nikishaingia ndani, kunitoa ni kazi.

Wakati huo nilikuwa mtaalamu wa mimea. Hakuna aliyekuwa akiniita hivyo isipokuwa mimi mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa kwenye ofisi moja ya serikali pale mjini, chumba kilichojaa makabati ya majani makavu, kazi ambayo wenzangu waliikimbia kwa kudhani itawapeleka porini. Mimi pori silipendi. Lina siafu, na halina pa kuegemea. Mimea yangu niliichukua Kariakoo, kwa wauza mizizi na dawa za majani, nikarudi zangu Ilala kabla miguu haijaanza kulalamika.

Mzee niliyemkuta ofisini alikuwa na njia yake. Alifikicha jani, akalinusa, akaandika jina, akaenda kunywa chai. Alipostaafu akaja mkubwa mpya aliyesoma ng'ambo, akatuambia mambo ya kunusa yamekwisha. Sayansi ya sasa inataka ua lifunguliwe na stameni, vile vijiti vya chavua vya katikati, zihesabiwe, halafu majani yapelekwe kwa wakemia wayasage waone kilichomo. Sasa, ua kavu halifunguki, linavunjika. Sharti ulichemshe kwanza lilainike. Jiko la ofisini halikuwa na mafuta ya taa, na maduka hayakuwa nayo vilevile. Tulikuwa tukihimizwa kujitegemea, basi nikajitegemea kwa mkaa wangu nyumbani.

Jumamosi hiyo muuzaji alinifungia majani pamoja na maua yake kwenye gazeti, akasema yametoka kusini, ni dawa ya tumbo. Ya kunywa au ya kukandia? Sikuuliza. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nataka kitanda.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vingi na ua mmoja, na ua ule ulikuwa na adabu zake. Ukikuta sufuria ya mwenzio inachemka na mwenyewe hayupo, huiachi iungue. Unaongeza maji, unakoroga, unaonja chumvi. Shoga yangu wa chumba cha pili, mtu wa Lindi, alikuwa hodari wa adabu hizo kuliko sisi wote. Na siku zile alikuwa na shida: baba mkwe wake alikuwa amewasili kutoka huko kwao na chakula cha mjini kilimshinda. Ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, alisema unanuka gunia.

"Shoga!" aliita nje ya pazia langu. "Ile mboga yako nimeimalizia. Nimetia tui, nimemwekea baba. Kala yote, kalamba na bakuli! Kesho nitakurudishia mchicha."

"Mboga gani?"

"Ile jikoni kwako. Hata chumvi hukutia, mwanamke wewe. Ndiyo maana huolewi."

Nilisimama na wembe mkononi. Nakiri kwamba kwa kitambo nilifikiria kunyamaza, niseme asante, nikae tena. Kisha nikasikia mzee akicheua kule uani, cheuo refu la mtu aliyeshiba, nikafunua pazia.

"Haikuwa mboga," nikasema.

"Ilikuwa nini?"

"Sijui. Ilikuwa kazi."

Tulimkuta amejilaza kwenye mkeka, anakoroma. Sijawahi kusikiliza koromo la mtu kwa makini vile. Likipanda nikawaza, anabanwa pumzi. Likikatika nikawaza, ndiyo basi. Shoga yangu alimtikisa bega.

"Shikamoo, baba," nikasema, maana sikuwa na la kuanzia.

"Marahaba. Si uliniamkia asubuhi?"

"Unajisikiaje?"

"Najisikia kuamshwa."

Tukamwinua, yeye analalamika, mkwewe analia chini chini huku anajifunga kanga. Nilibeba gazeti lenye majani na maua yaliyosalia, wembe na lenzi yangu. Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa, lakini siku hiyo mtaa ulirefuka, na kila mzee aliposimama kusalimiana na watu, mimi nilidhani miguu yake imekufa ganzi.

Muuguzi alisikiliza, akauliza swali moja. "Majani gani?"

"Ndilo tatizo, ndugu," nikasema. "Hayajajulikana."

"Basi kamtafuteni mtaalamu wa mimea. Serikali inao, wako mjini huko."

Shoga yangu alinionyesha kwa kidevu. "Huyu hapa."

Muuguzi alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Nikaomba maji ya moto. Akanichotea kwenye kile chombo cha kuchemshia sindano, nikaloweka maua mawili kwenye kifuniko cha chupa, nikayapasua kwa wembe hapo hapo kwenye benchi. La kwanza nikalikata kama kitunguu. La pili likafunguka. Stameni tano zimebanana katikati kama watu mlangoni pa duka la ushirika siku sukari imekuja. Ukoo wake niliujua. Nikautaja jina kwa Kilatini, kwa sauti, na nasema kweli, kwa dakika ile nilijiona mtu.

"Ni ukoo wa mnavu," nikaeleza. "Mnavu, bilinganya, nyanya chungu."

"Alhamdulillahi," shoga yangu akasema. "Chakula."

"Na mnanaha," nikaongeza.

Mnanaha shoga yangu aliujua. Kila mtu anajua unavyomtia mtu wazimu kabla haujamuua.

"Sasa hili ni lipi?" muuguzi akauliza.

"Si hata moja kati ya hayo. Ni ndugu yao. Huyu sijawahi kukutana naye."

Muuguzi akamwangalia mzee mboni za macho, akamtaka atoe ulimi, akamshika mkono kusikiliza mapigo, akasema tukae pale tusiondoke. Tukakaa. Mzee katikati, sisi kila mmoja upande wake, na kila alipofumba macho tulimpiga kiwiko. Nilijaribu kukumbuka kila karatasi iliyokuwa kabatini kwetu. Zote zilikuwa na jina, mahali, na idadi ya stameni. Hakuna hata moja iliyoandikwa kama mtu akila ataamka. Hilo lilikuwa la wakemia, na majani ya wakemia yalikuwa bado yako kwenye foleni.

Jua lilipoinama muuguzi alimpima tena akaturuhusu. Mzee akatangulia mlangoni, anauliza kama ile mboga inapatikana kila siku au ni ya Jumamosi tu. Shoga yangu alisimama barabarani, akafungua kanga akaifunga upya, akanigeukia:

"Ukoo wake unaujua mpaka wajomba, tena kwa Kizungu. Kama linaua, hujui. Sasa huko ofisini, shoga, huwa mnajua nini?"