Leseni Yetu Imehamia Kompyuta Mpya!

Sijawahi kumwambia mtu, lakini mimi husoma vijitabu vya leseni za programu za kompyuta mpaka ukurasa wa mwisho.

Chekeni tu. Leo vimeniokoa.

Mnajua radi iliua kompyuta ya klabu yetu shuleni. Leo mchana fundi kutoka Burumba alituletea nyingine, tupu kabisa, haina hata programu ya kuiendesha.

"Mashine mpya, leseni mpya," akasema. "Ile ya zamani imekufa na mashine yake."

Mwalimu Wafula, mlezi wa klabu, akashusha pumzi. "Shule haiwezi kununua leseni nyingine. Rudi nayo, boss. Klabu tutafunga."

Klabu yangu! Mahali pekee ninapoongea na watu!

Nikasimama. (Ndiyo, mimi.)

"Mwalimu, ng'ombe akifa, kamba inazikwa naye?"

"Haizikwi," akajibu. "Tunamfungia mwingine."

"Leseni yetu ni kamba. Tuliinunua dukani peke yake, haikuja na mashine. Kijitabu kinasema tunaweza kuihamisha, mradi isibaki kwenye kompyuta ya zamani. Na ile imeungua yote."

Nikampa fundi kijitabu, akakisoma kifungu chenyewe, akaangua kicheko. "Dada, wewe ni wakili! Haya, kaa hapa uiweke mwenyewe."

Nyinyi mngethubutu?

Mimi nilivuta kiti, nikaingiza diski ya programu yetu, nikaandika namba ya leseni polepole huku klabu nzima ikinipumulia shingoni. Ikakubali. Nikazima mashine, nikaiwasha tena, halafu nikachapa tangazo la mkutano wetu wa Ijumaa.