Evelina, mwosha mchanga aliyesema neno lisilosemwa mwaloni

Anisia anasema aliona kwa macho yake mawili. Jirani yake Mama Limi alisimama kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, akalitamka lile neno, na papo hapo dhahabu ikanyanyuka kwenye zulia la kuinasia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, ikavuka mfereji na kuingia mwaloni kwa Donatus. Siku ya kwanza alisimulia kuwa ilivuka tu. Siku ya tatu, kwenye foleni ya maji, ilikuwa imevuka huku ikipiga mluzi.

Neno lenyewe ni "haipo".

Kwenye mialo hii, nje kidogo ya Ushirombo, neno hilo halisemwi. Anayeosha mchanga akikosa, anasema dhahabu "imelala". Wengi wanaamini dhahabu ina masikio. Ikisikia haipo, inasusa na kuhama. Mazoea yamekolea hivi kwamba ukimuuliza mtu mwaloni kama chumvi imebaki nyumbani, atakujibu kuwa nayo imelala.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Evelina Kalisti, ndiye huyo Mama Limi, ameshainama kazini. Mwalo wake ni ubao mrefu uliolazwa kwenye mteremko na kutandikwa zulia kuukuu. Anamwaga unga wa mwamba uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, anausindikiza na maji ya kopo. Chepesi kinakwenda na maji, kizito kinanaswa na zulia. Ana miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa. Mfuko mmoja analipwa shilingi elfu mbili. Siku ikiwa njema anaosha mitano.

"Kazi hii mikono inaijua yenyewe," anasema bila kuinua kichwa. "Kichwa kinashinda bure. Sasa kichwa cha bure utakipa nini? Mimi nakipa maswali."

Na maswali anayo. Aliishia darasa la saba kijijini kwao Didia, lakini akianza kuuliza husahau kopo mkononi, maji yanamwagikia miguuni mwake, na macho yanamng'aa kama ya mtu aliyepokea mgeni aliyemngoja siku nyingi.

Anasema yote yalianza na jiwe la mlango. Kwa miaka miwili alikuwa na jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Alijikwaa nalo, akalitukana, akaliketia akimenya viazi. Siku moja mlango ukapata komeo, jiwe likakosa kazi, akalipeleka karashani na mengine. Likatoa dhahabu. Kidogo, lakini lilitoa.

"Nilikaa chini," anakumbuka, akicheka. "Sikufurahia dhahabu. Nilisema, kumbe miaka miwili yote ilikuwepo. Haikunisubiri niione ndipo iwepo. Sasa ni vitu vingapi vipo, na mimi navikalia namenya viazi?"

Kesho yake alimfuata Telesphori, katekista wa kigango chao, akamwamkia, na kabla marahaba haijakauka akamuuliza kama Mungu alikuwepo kabla hajatokea mtu wa kumwita Mungu. Telesphori akajibu kuwa alikuwepo, hilo liko wazi. Evelina akaongeza la bibi yake wa Didia, ambaye hakubatizwa na Mungu alimwita Liwelelo mpaka anakufa. Je, alikuwa akimwita mwingine, au ni yule yule aliyekuwepo kabla ya majina yote? Telesphori akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

Marwa, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ambaye mawe yake huoshwa hapa, alimtania mbele ya watu. "Mama Limi, wewe ni padri au mwosha mchanga?"

"Padri ana pa kukaa akifikiri," alimjibu. "Mimi nafikiri nimeinama."

Utani huo uliisha wiki mbili zilizopita, siku ya mifuko mitatu ya Marwa.

Mfuko wa kwanza Evelina aliuosha kimya, kama desturi. Akakung'utia zulia kwenye karai, akalizungusha taratibu. Chini ukabaki uzi wa njano, mwembamba kama unywele. Anisia, aliyekuwa akimletea maji, akachungulia, akasema imelala. Wa pili nao ukatoa uzi ule ule. Anisia akachungulia tena, akaguna.

"Ndipo likanijia," anasema Evelina, na kopo limeshasahauliwa. "Mwamba ni mmoja, duara ni moja, karasha ni moja. Kilichobaki cha kubadilisha ni mdomo wangu. Nikasema ngoja nijue leo. Moyo ulinidunda kama nakwenda kujifungua."

Akainamia mfuko wa tatu, akasema "haipo" mara tatu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Anisia akaangusha ndoo.

Karai la tatu likatoa uzi ule ule. Haukuzidi, haukupungua.

Ilipopimwa yote kwa pamoja, dhahabu ya Marwa haikufika gramu moja, naye alitegemea gramu sita. Siku hiyo hiyo mwalo wa Donatus ulitoa vizuri. Masimulizi ya Anisia yakamalizia kilichobaki, na Marwa akapeleka shauri kwenye kamati ya mialo. Jumamosi hii kamati inakaa kuamua kama Evelina aendelee kuosha hapa au afungashe. Akifukuzwa kwa nuksi, hakuna mwalo wa jirani utakaompokea, kwa sababu habari ya nuksi hukimbia kuliko bodaboda. Limi yuko darasa la tano, na wanaomtegemea mama yake ni yeye na bibi yake mzaa mama.

Marwa si mtu mbaya. Anaongea polepole, akisugua tope kwenye kiganja. Anasema hana ugomvi na Mama Limi, ila kuna jambo linamkereketa.

"Nimetoka Tarime, nimechimba miaka minane, na miaka yote minane nimelichunga neno hilo. Mke wangu nimemgombeza kwa ajili yake. Leo nikiambiwa dhahabu haina masikio, nani atanirudishia kimya changu?"

Telesphori naye ana hofu yake. Alimpitia Evelina na baiskeli, akamwonya kwamba leo kasema dhahabu haisikii, kesho watu watamuuliza nani mwingine hasikii.

Evelina hakukasirika. Aliposikia hivyo alisimama wima, jambo ambalo wakati wa kazi halifanyi.

"Mwalimu, sijasema Mungu hayupo. Nasema kama yupo, hataondoka eti kwa sababu Evelina wa mialoni kauliza. Anayekimbia akiulizwa, huyo ndiye wa kutilia shaka. Na hii akili si yeye aliniwekea? Karasha usipoiwasha inashika kutu."

Telesphori anakiri kuwa maneno hayo aliyabeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani, na hadi leo hajapata pa kuyatua.

Mpango wa Evelina kwa Jumamosi ni mmoja. Ataiomba kamati mifuko miwili ya mwamba mmoja, mmoja auoshe kimya, mwingine auoshe akisema "haipo" mpaka sauti imkauke, watu wote wakitazama. Neno likifukuza dhahabu, atafungasha mwenyewe bila kusukumwa. Lakini anajua kamati haitampa hata kiganja cha mchanga ikiwa itaamini ile hadithi ya siafu. Na aliyeyaona makarai yote matatu, ukimtoa yeye, ni mtu mmoja.

Mtu huyo, Anisia, ambaye majirani humwita Mama Jenifa, sasa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Wamepakana ukuta na Evelina, wanaazimana moto, na hadithi haijawakosanisha. Anatua ndoo. Evelina amemaliza kuzungusha karai la asubuhi, na uzi wa njano umejilaza pembeni.

"Mama Jenifa, Jumamosi naomba uje," anamwambia kwa upole. "Uwaambie karai la kwanza lilikuwaje, na la pili, kabla sijafungua mdomo. Usiwaambie ulichosimulia, dada yangu. Waambie ulichokiona."

Anamsogezea karai.

Anisia anatupa jicho upande wa Marwa, aliyesimama karashani, kisha anainama na kutazama ndani ya karai, kwenye uzi ule ule, huku maji ya ndoo yakiendelea kumchuruzika shingoni.