Kiti cha Mbele na Mechi ya Saba

Lori yetu ya barafu ilikuwa na viti viwili mbele, cha dereva na kingine kimoja. Sisi wapakiaji tulikuwa wawili. Hiyo hesabu hata mtu aliyeishia darasa la nane kama mimi anaiweza: mmoja anakaa mbele na joto la injini, mwingine anapanda nyuma, anakalia gunia juu ya barafu, kutoka Homa Bay mpaka bichi za ziwa kule Migori, tulikokuwa tunachukua mbuta, wale samaki wakubwa. Kurudi ni hivyo hivyo, ila sasa umeongezewa harufu ya samaki.

Nilikuwa nakohoa tangu Krismasi. Nikivuta pumzi nasikia kama kuna paka amelala kwa kifua. Mvua ya Machi ilikuwa karibu, na kiti cha mbele kilikuwa cha yule anayefika kwanza asubuhi. Mwenzangu, Mkuria wa kule karibu na mpaka, alikuwa na miguu mirefu kama nguzo za stima. Kila asubuhi alifika kwanza.

Ndiyo maana zile kaseti zilipokuja nilizishika kama dawa.

Zilikuja kwa hoteli ya mama mmoja pale Migori, mahali dere wetu hangeweza kupita bila kula. Mtoto wa dada yake alikuwa amesoma Kanada, akarudi na kaseti saba za video: hoki ya kwenye barafu, fainali ya mabingwa. Timu mbili zinacheza mpaka moja ishinde mara nne. Mama alikuwa Msabato wa kweli, na video zote alikuwa amezikataa kwa sababu ya watu kubusiana. Hizi alizikubali. Alisema hajawahi kuona wanaume wamevaa nguo mingi hivyo, hata wakipigana ni sawa, bora wamejifunika.

Siku ya kwanza tulitazama na sahani mkononi, ugali ikapoa. Sisi tulikuwa tunaifunika barafu na maranda na magunia isiyeyuke kabla ya bichi. Hawa watu wameimwaga uwanja mzima, halafu wanaikanyaga na visu chini ya viatu.

"Hapo tungelaza mbuta ya mwezi mzima," mwenzangu akasema polepole, kama mtu ameibiwa.

Picha haikuwa na rangi, kwa sababu kaseti za Kanada na mashine ya Mama hazikuelewana. Kwa hivyo timu moja ilikuwa weupe, nyingine weusi. Nikamwambia mwenzangu achague, na timu ikichukua kombe, mtu wake anakaa mbele msimu wote wa mvua. Alichagua weusi bila kufikiria. Mimi nikabaki na weupe, nikajipa moyo kwa sababu kipa wao alikuwa mpana kama mlango wa jela.

Kila tukipita Migori, mechi moja. Shida ilikuwa ile mpira yao, kitu kidogo cheusi kama kifuniko cha chupa, hakuna mtu aliyeiona. Mimi nilisema naiona. Nilikuwa naitangazia hoteli nzima, imeenda kushoto, imegonga mlingoti wa goli, imerudi, na watu wazima wakanyamaza wakinisikiliza. Ilikuwa uongo mtupu. Nilikuwa naangalia tu wachezaji wameangalia wapi. Wenye makosa nao walifungiwa kwa kibanda kando ya uwanja kama kuku wa kuuzwa.

Weusi wakashinda mbili. Nikakohoa. Weupe wakashinda tatu mfululizo, nikaanza kumuuliza Mkuria kama ana koti nzito. Weusi wakarudisha moja. Tatu kwa tatu.

Mechi ya saba iliangukia Ijumaa, na siku hiyo tulipata pancha njiani. Tulifika Migori jua limeteremka. Dere alikula haraka, akaingia kwa lori, akaanza kupiga honi. Maji ilikuwa inatiririka chini ya bodi ya lori na mbwa wawili wanainywa. Ndani, mbili kwa mbili, muda umeisha, wameongeza mwingine: anayefunga kwanza amemaliza. Sikuweza kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikatoka kuangalia maji, nikarudi nikauliza kama wamefunga. Mwenzangu alitafuna kijiti cha meno mpaka kikaisha, akachukua kingine.

Mama akatoka jikoni, akachungulia jua kwa dirisha, akazima TV. Akaifunika na kitambaa cha meza. Sabato ilikuwa imeingia.

"Mama, imebaki dakika moja tu," nikamwambia.

"Hata Mungu alipumzika, mwanangu. Wewe ni nani?"

Nikamwomba basi atuambie tu nani alichukua kombe, yeye si ameshaona. Akasema hayo ni mambo ya dunia, atayaongea Jumapili.

Nje, hakuna aliyemwachia mwenzake kiti. Tukapanda nyuma wote wawili. Dere alicheka, akaweka mbele kabichi alizokuwa amenunua sokoni, zikakaa vizuri na joto lao. Sisi tukabishana juu ya barafu yenye maji mpaka kikohozi kikanishika, kikakataa kuniachilia. Mwenzangu akagonga paa, lori ikasimama.

"Shuka, enda mbele."

"Mechi haijaisha."

"Imeisha. Weupe walifunga kabla Mama azime. Mimi niliona."

Mtu ambaye mechi saba nzima hakuiona ile mpira hata mara moja. Nilishuka haraka kabla abadilishe mawazo, nikapakata kabichi.

Lakini raha sikupata. Kila saa nilikuwa nageuka kuangalia kwa kidirisha cha nyuma, na yeye yuko pale, gunia kichwani kama bibi harusi. Dere akaniuliza kama nimekalia siafu.

Jumapili tukirudi na samaki, tulisimama kwa Mama. Mwenzangu alisema hana njaa, atalinda mzigo. Mimi nikaingia. Mama akawasha kaseti palepale ilipokatikia. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Weusi walifunga. Yule kipa mpana akalala chini kama gunia, wale wengine wakarukiana.

Hakuna mteja mwingine ndani, na Mama hakujua habari ya kiti. Mdomo wangu, ambao kudanganya hakujawahi kuusumbua, siku hiyo ulikataa. Nikatoka. Mwenzangu alikuwa ameegemea tairi.

"Umeona?"

"Weusi."

"Ungenyamaza tu, omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo changu. Akafungua mlango wa mbele, akaingia, akaufunga.

Mvua ilitupata Rangwe. Nilijifunika magunia mawili, na kutoka hapo mpaka Homa Bay nilikuwa nampigia kelele kwa kile kidirisha, kati ya kikohozi na kikohozi, kwamba lile goli lilikuwa la mkono, nimeliona na macho yangu.