Mbaya Tatu za Mzee Nzomo

Nzomo wa Nunguni akikuambia njia imeharibika, mwamini. Huyu mtu anaweza kusimama nusu saa mbele ya mfereji usiotosha kunywesha kuku, akiutikisia kichwa kama daktari aliyeona mapafu mabovu. "Huu ukiachwa hadi Novemba," atasema, "utameza mtu." Na wewe unataka tu kupita uende sokoni.

Kazi yake ni kulinda njia ya miguu. Si barabara, barabara ina wenyewe. Hii ni ile ya watembezi, watu wazima wenye akili zao, wanaoacha gari na kutembea siku sita kutoka vilima vya Nunguni mpaka Tulia kule Kitui, mzigo mgongoni, na hakuna aliyewafukuza. Njia imegawanywa vipande, na kila kipande kina mlinzi. Cha Nzomo ni kilomita kumi na moja, kuteremka hadi kijitoni. Miaka saba amekata vichaka, amepanga mawe ya ngazi, amechimba mitaro ya kuchepusha maji. Mkewe Mutanu husema kama Nzomo angemwangalia yeye vile anavyoangalia ule mteremko, sasa wangekuwa na watoto kumi na wawili.

Mvua ikiisha, Nzomo hukagua kipande chake na kupeleka habari ofisini. Kila mahali panapewa neno moja: nzuri, wastani au mbaya. Sheria ni kali. Kipande kikipata mbaya tatu, au hata moja tu ikiwa ni ya daraja, kinafungwa, watembezi wanapitishwa kwa vumbi la barabara ya magari, na mlinzi anaambiwa aende nyumbani akapumzike. Kupumzika huko ni kufutwa kazi kwa adabu.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, ofisini kuliingia karani mpya, Halima, mtoto wa Lamu, mwenye wiki mbili tu Ukambani na Kiswahili kilichopigwa pasi. Akampigia Nzomo simu.

"Shikamoo mzee. Tafadhali nieleze hali ya njia, mimi nitaandika."

Nzomo alikuwa amesimama juu ya kazi yake, fahari imemjaa mpaka kofia inambana. Mvua ilikuwa imebeba nusu ya shamba la jirani, lakini ngazi zake hazikusogea hata kidole.

"Madam, hapa kwa ngazi mawe imeshika mbaya."

"Mbaya," akasema Halima, akaandika.

"Mitaro nayo inatoa maji mbaya."

"Mbaya."

"Na zile alama za rangi zinaonekana mbaya. Mtu hawezi potea."

Halima akaandika mbaya ya tatu. "Pole sana, mzee," akasema, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

Nzomo akashangaa pole ni ya nini, lakini watu wa pwani wana adabu nyingi, akajibu asante. Alikuwa hajafika kueleza daraja la kijitoni simu ikakatika. Na tuseme ukweli, hakuhangaika kupiga tena.

Siku nne baadaye alikuta kibao kimepigiliwa misumari kwenye mti aliopanda kwa mkono wake: NJIA IMEFUNGWA, HALI MBAYA. Alirudi nyumbani, akamkuta Mutanu akipepeta pojo.

"Baba Ben, kwani uliwaambia nini?"

"Niliwaambia iko sawa mbaya."

Mutanu akaweka ungo chini. "Uliambia mtoto wa Lamu hivyo? Kwa simu?"

Hapo ndipo Nzomo alipoelewa. Huku kwetu mbaya ni kusema sana: chakula kikiwa kitamu mbaya, unaongezwa. Kule kwao mbaya ni mbaya, basi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu mtu ambaye kwa miaka saba hajaruhusu mtembezi hata mmoja ajikwae kidole, alikuwa amejikwaa ulimi mara tatu kwa simu moja. Aliona aibu, kisha akaona uchungu, kisha akachukua simu.

"Madam, kuja uone kwa macho."

Halima alikuja kesho yake na viatu vya ofisini. Alirukaruka juu ya mawe ya ngazi. Alimwaga chupa yake ya maji kwenye mtaro, akayatazama yakichepuka kwa heshima. Nzomo alipomweleza hiyo mbaya yetu ni ya namna gani, alicheka mpaka akaketi njiani, kisha akafuta mbaya tatu kwa kalamu.

Wakafika kwa daraja. Ni magogo mawili, Nzomo aliyalaza mwaka wake wa kwanza, na watu wote hapo mahali hupaita Kwa Nzomo. Kwa juu yalikuwa yanang'aa.

"Na hili ni zuri mbaya, sivyo?" akasema Halima, mguu tayari umeinuliwa.

Neno moja tu, ndiyo, na kazi yake ilikuwa salama. Nzomo alilionja mdomoni, likawa chungu.

"Madam, rudisha mguu. Hii ni mbaya."

"Mbaya ya sana?"

"Hapana. Mbaya ya kwenu Lamu."

Akachomeka panga upande wa chini wa gogo. Likazama kama kwenye ugali, mchwa wakamwagika. Halima alitazama, akatazama chini kwenye mawe ya kijito, kisha akaandika kwa muda mrefu. Nzomo alivua kofia, akangoja kuambiwa akapumzike.

"Kipande kimefungwa," akasoma Halima, "mpaka daraja jipya lijengwe. Atalijenga mlinzi mwenyewe, naye abaki kazini."

"Abaki? Na sheria?"

"Sheria nitaiandikia sababu." Akageuza karatasi amwonyeshe. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika: *Mlinzi ni mkweli mbaya.*

Nzomo aliyasoma maneno hayo mara mbili, akipima hiyo mbaya ni ya wapi, kisha akarudisha kofia kichwani.